Iwagumi

Iwagumi (kutoka maneno ya Kijapani yenye maana ya "mpangilio wa miamba") ni mtindo wa kupamba tangi la samaki ambamo mawe machache ndiyo kiini cha mandhari, na mimea mifupi ya majini hupandwa kuyazunguka mfano wa nyasi za mlimani. Mtindo huu ulienezwa duniani na mpigapicha Mjapani Takashi Amano kuanzia miaka ya 1980.

Iwagumi hutambulikana kwa uchache wa vitu vyake: mawe ya aina moja, mimea ya aina moja au mbili, na samaki wadogo wa aina moja wanaoogelea kwa kundi. Kwa sababu vitu ni vichache, kosa dogo huonekana upesi. Kosa linaloleta hasara kubwa zaidi ni la kuchagua jiwe lisilofaa, maana jiwe hubadilisha maji, na maji ndiyo yanayoamua mimea na samaki gani wataishi. Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kama Dar es Salaam, ambako jiwe lililo karibu zaidi ni la matumbawe, yaani chokaa.

## Asili

Ujapani una desturi ya kale ya kupanga mawe katika bustani. Kitabu cha *Sakuteiki* cha karne ya 11, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kale kabisa duniani kuhusu utengenezaji wa bustani, hueleza kwanza namna ya kusimamisha mawe. Mfano unaojulikana sana ni bustani ya hekalu la Ryōan-ji mjini Kyoto. Humo mna mawe 15 yaliyopangwa juu ya changarawe nyeupe, na mtu aliyeketi kwenye baraza hawezi kuyaona yote kwa pamoja. Daima walau moja hufichwa na mengine.

Upandaji wa mimea ndani ya matangi ya samaki ulikuwepo Ulaya muda mrefu kabla ya iwagumi. Huko Uholanzi, tangu miaka ya 1930, ulikua mtindo wa kujaza tangi mimea mingi ya rangi na majani mbalimbali, iliyopandwa kwa safu kama vitalu vya maua. Mtindo huo wa Kiholanzi hautegemei mawe. Iwagumi ilikuja na wazo tofauti: tangi lifanane na sehemu ya nchi, kama vile bonde, kilele au ukingo wa mto, na nafasi iliyoachwa wazi iwe sehemu ya picha.

## Takashi Amano

Takashi Amano alizaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Niigata, Ujapani. Kabla ya kujulikana kwa matangi yake alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano ya kulipwa. Mwaka 1982 alianzisha kampuni ya Aqua Design Amano, inayotengeneza matangi, taa, udongo na vifaa vingine vya mimea ya majini. Alikuwa pia mpigapicha wa mandhari ya asili, akasafiri katika misitu ya mvua ya Amazonia, Borneo na Afrika Magharibi. Vitabu vyake vya picha vilivyoitwa *Nature Aquarium World* vilifika nchi nyingi katika miaka ya 1990 na kuwapa wafugaji wa samaki wa mapambo kielelezo kipya.

Mwaka 2001 kampuni yake ilianzisha mashindano ya kimataifa ya kupanga mimea ya majini, ambayo huvuta washiriki kutoka nchi nyingi. Kazi yake kubwa ya mwisho ni tangi lenye urefu wa mita 40 na ujazo wa lita 160,000 katika jumba la samaki la Lisbon, Ureno, lililofunguliwa Aprili 2015. Amano alifariki tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Kamba mdogo wa spishi *Caridina multidentata*, ambaye Amano alimtumia kula mwani katika matangi yake, huitwa kwa jina lake na wafugaji wengi.

## Mawe na majina yake

Katika iwagumi kila jiwe lina kazi na jina lake:

* Oyaishi ("jiwe mzazi") ndilo jiwe kuu. Ni kubwa kuliko yote na lina sura nzuri kuliko yote. Kwa kawaida kimo chake hufika kama theluthi mbili ya kimo cha maji.
* Fukuishi ni jiwe la pili kwa ukubwa. Huwekwa kushoto au kulia kwa jiwe kuu ili kulipatia uwiano.
* Soeishi ("jiwe la kuambatana") ni la tatu. Hulisindikiza jiwe kuu na kulitia nguvu.
* Suteishi ("jiwe lililotupwa") ni dogo kuliko yote. Huweza kufunikwa na mimea hadi lisionekane, lakini kabla ya hapo huunganisha mawe makubwa na ardhi.

Mpangilio wa msingi wenye mawe matatu huitwa *sanzon iwagumi*, na umefuata utaratibu wa sanamu tatu za Kibudha, ambapo ile kubwa husimama katikati na ndogo mbili huwa pembeni. Mawe yakiongezwa, idadi hubaki witiri: matano, saba au zaidi. Sababu ni kwamba idadi shufwa hugawanyika kirahisi katika makundi mawili yaliyo sawa, na jicho huacha kuzunguka.

## Kanuni za kupanga

Jiwe kuu haliwekwi katikati ya tangi. Wapangaji wengi hufuata uwiano wa dhahabu, ambao ni takriban 1 kwa 1.618. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 60, nukta hiyo iko kama sentimita 23 kutoka upande mmoja, au sentimita 37 kutoka upande wa pili.

Mawe yote yanapaswa kuwa ya aina moja, yenye rangi na mistari inayofanana. Mistari hiyo huelekezwa upande mmoja, kama ilivyo katika mwamba wa asili uliokatwa na maji au upepo. Jiwe kuu huinamishwa kidogo, na mengine huinama kulifuata au kulielekea, kana kwamba mkondo mmoja wa mto umeyasukuma yote. Sehemu ya chini ya kila jiwe huzikwa ndani ya udongo ili lionekane limeota kutoka ardhini. Jiwe lililowekwa juu tu ya mchanga huonekana limeletwa jana.

Udongo wa tangi hupandishwa nyuma na kushushwa mbele, kwa mfano sentimita 10 nyuma na 3 mbele. Mteremko huo hufanya tangi lionekane lina kina kirefu kuliko kilivyo. Kwa nia hiyohiyo mawe makubwa huwekwa mbele ya katikati na madogo nyuma yake, kwa sababu jicho huchukulia kitu kidogo kuwa kiko mbali.

## Mimea

Mimea ya iwagumi ni ile inayotambaa na kufunika ardhi kama zulia. Inayotumika sana ni *Hemianthus callitrichoides* kutoka Kuba, *Glossostigma elatinoides* kutoka Australia na Nyuzilandi, *Micranthemum tweediei* kutoka Amerika Kusini, na *Eleocharis acicularis*, ambayo ni jamaa wa ndago na hufanana na nyasi nyembamba. *Marsilea*, ambayo ni kangaga wa majini mwenye majani yanayofanana na vipande vinne vya ua, hutumika pia. Spishi za jenasi hii humea zenyewe katika madimbwi na mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki.

Mimea hii mifupi inahitaji mwanga mwingi unaofika chini, na hewa ya ukaa (kabonidayoksaidi) iliyoyeyuka ndani ya maji. Kwenye usanisinuru mmea hutumia hewa hiyo kujenga mwili wake na kutoa oksijeni. Kwa kuwa hewa ya ukaa katika maji yaliyotulia ni kidogo, wafugaji huiongeza kutoka mtungi wenye gesi iliyoshindiliwa. Njia ya bei nafuu ni chupa ya plastiki yenye maji, sukari na hamira. Hamira hula sukari na kutoa gesi, ambayo hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye tangi. Katika joto la pwani hamira hufanya kazi upesi mwanzoni na kuishiwa nguvu mapema, kwa hiyo chupa hubadilishwa mara nyingi zaidi kuliko katika nchi za baridi.

Gesi hii hutolewa mchana tu. Usiku mimea huacha usanisinuru na kupumua kama samaki, ikitumia oksijeni. Gesi ikiachwa kuingia usiku kucha, samaki wanaweza kukosa pumzi na kufa kabla ya alfajiri.

## Samaki na viumbe wengine

Samaki wa iwagumi huchaguliwa baada ya mawe na mimea. Wanaopendwa ni wadogo wanaokaa kwa kundi, kama vile *Paracheirodon innesi* na *Paracheirodon axelrodi* wa Amazonia. Samaki wakubwa hupoteza uwiano, kwa kuwa jiwe la sentimita 24 haliwezi kufanana na mlima likiwa kando ya samaki wa sentimita 15.

Kamba wadogo na konokono huwekwa kwa ajili ya kula mwani. *Caridina multidentata* haongezeki kirahisi ndani ya tangi, kwa sababu viluwiluwi vyake vinahitaji maji yenye chumvi ili vikue.

## Jiwe na maji

Mawe hugawanyika katika makundi mawili kwa mtazamo wa mfugaji wa samaki: yasiyobadilisha maji na yanayoyabadilisha.

Graniti, gnaisi, kwatzi na basalti karibu hayayeyuki katika maji ya tangi. Mawe ya chokaa, marumaru na matumbawe yana kabonati ya kalsiamu, ambayo huyeyuka polepole. Inapoyeyuka, maji huwa magumu, yaani huongezeka kalsiamu na bikabonati, na pH hupanda juu ya 7. Ugumu huo ndio uleule unaoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kufanya sabuni isitoe povu vizuri.

Hewa ya ukaa huongeza kasi ya jambo hili. Ikiyeyuka katika maji hutengeneza asidi hafifu, na asidi hiyo huila chokaa. Hivyo mfugaji anayeweka jiwe la matumbawe na kutia gesi kwa ajili ya mimea huwa anaendesha kazi mbili zinazopingana: gesi inalisha mimea na wakati huohuo inayeyusha jiwe. Mimea mingi ya zulia na samaki wa Amazonia wamezoea maji laini yenye pH kati ya 6 na 7. Mimea huanza kudumaa, majani machanga hugeuka manjano, na mwani huchukua nafasi iliyoachwa wazi.

Hata baadhi ya mawe maarufu ya Kijapani, kama vile seiryu ya rangi ya kijivu yenye mistari myeupe, yana chokaa. Wanaoyatumia hubadilisha maji mara kwa mara na hutumia udongo maalumu unaopunguza pH.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Jiwe huoshwa, hukaushwa, kisha hudondoshewa siki kali au maji ya ndimu. Likitoa mapovu lina chokaa. Mapovu yakiwa machache, jiwe hukwaruzwa kwanza ili siki iguse sehemu mpya. Jaribio la pili ni kuliacha jiwe ndani ya ndoo ya maji kwa wiki moja au mbili na kupima pH na ugumu kabla na baada.

## Dar es Salaam

### Mawe

Sehemu kubwa ya ukanda wa bahari wa Dar es Salaam imekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Mji wenyewe ulijengwa kwa jiwe hilo. Boma la Kale linalotazama bandari, lililojengwa mwaka 1866 hadi 1867 wakati wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, lina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Upande wa kaskazini wa jiji, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill hutumia chokaa ya miamba hiyohiyo, na kokoto zinazoitwa za Kunduchi ni za matumbawe.

Jiwe hili lina matundu, ni jepesi, lina sura ya kuvutia na linapatikana karibu, kwa hiyo ndilo ambalo mtu anayeanza hulifikiria kwanza. Kwa iwagumi halifai kwa sababu zilizoelezwa hapo juu. Maganda ya kombe na mchanga wa ufukweni pia yana chokaa, na mchanga wa ufukweni una chumvi.

Kokoto na mawe yanayoletwa kutoka Lugoba, katika mkoa wa Pwani, ni ya miamba migumu ya bara na kwa kawaida hayabadilishi maji. Vipande vikubwa vyenye pembe kali na mistari hufaa kwa jiwe kuu. Mawe ya mito inayoshuka kutoka milima ya Uluguru yanafaa pia, lakini kila moja hupimwa kwa siki, kwa kuwa katika milima hiyo kuna marumaru pia. Graniti ya Mwanza na Dodoma ni salama, ingawa mara nyingi huwa ya mviringo na hutoa mandhari tulivu zaidi kuliko mawe ya Kijapani. Mchanga wa mto hutumika baada ya kuoshwa hadi maji yatoke meupe.

### Maji

Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru, na husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Watu wengi hutumia pia visima virefu. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi huwa magumu au yenye chumvi, kwa sababu yamepita ndani ya miamba ya chokaa au yamechanganyika na maji ya bahari. Katika nyumba yenye vyanzo viwili, maji ya bomba ndiyo yanayofaa zaidi kwa iwagumi, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi huweza kuchanganywa nayo ili kupunguza ugumu.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini hiyo huua pia bakteria wanaosafisha tangi na huunguza matamvua ya samaki. Yakiachwa katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, klorini nyingi hutoka hewani. Maji ya boza hupimwa kabla ya kutumika, kwa kuwa chanzo chake hubadilika.

### Joto

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na katika miezi ya Desemba hadi Machi joto la mchana hupita sentigredi 30. Maji ya tangi lisilopozwa hufuata joto la chumba, na taa huongeza nyuzi moja au mbili. Maji ya sentigredi 20 huweza kushika oksijeni miligramu 9.1 kwa lita. Yakifika 30 hushika takriban 7.6 tu. Wakati huohuo samaki katika joto huhitaji oksijeni zaidi.

Vitabu vingi vya mtindo huu vimeandikiwa nchi ambako shida ni kupasha maji joto. Pwani shida ni kuyapoza. Tangi huwekwa mbali na dirisha la magharibi, mfuniko wa kioo huondolewa ili maji yapate kuvukizwa, na feni ndogo huelekezwa juu ya maji. Feni huweza kushusha joto kwa nyuzi 2 hadi 3, lakini maji hupungua haraka na huongezwa kila siku. *Paracheirodon innesi* hupenda maji yasiyozidi sentigredi 26, hivyo hudhoofika, *P. axelrodi* huvumilia joto zaidi.

Kwa upande wa mimea, *Hemianthus* huchoka upesi katika joto. Inayostahimili ni *Vallisneria*, *Ceratophyllum*, *Marsilea* na *Anubias*. Mmea huu wa mwisho asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, pamoja na Kongo. Haupandwi udongoni bali hufungwa kwa uzi juu ya jiwe hadi mizizi ishike, na hukua polepole bila kuhitaji gesi ya ziada. Tangi la mawe na *Anubias* ndogo si iwagumi kamili kwa maana ya Kijapani, lakini hudumu katika mazingira ya pwani.

### Vifaa na umeme

Vioo vilivyokatwa kwa kipimo, silikoni, taa za LED, mipira na pampu ni bidhaa za kawaida katika maduka ya vifaa vya ujenzi na umeme mjini, hasa Kariakoo. Silikoni inayotumika iwe isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Umeme ukikatika, mimea haidhuriki kwa saa chache za giza. Wanaodhurika ni bakteria walio ndani ya chujio, kwa kuwa maji yakisimama oksijeni humo huisha. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri hutosha kuwalinda samaki. Chujio lililosimama kwa saa nyingi husuuzwa kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa tena, ili maji machafu yaliyooza ndani yake yasirudi kwa samaki.

## Mpangilio wa mawe wa Ziwa Tanganyika

Jiwe la chokaa lisilofaa kwa iwagumi linafaa kwa tangi la aina nyingine. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na samaki wake wa familia ya Cichlidae, ambayo ni familia moja na perege na sato, wamezoea maji hayo. Karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wengi huishi katika miamba, kama vile *Tropheus duboisi*, spishi za *Julidochromis*, na *Neolamprologus brichardi*, aliyepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura.

Katika tangi lao mawe ni mengi na mimea ni michache. Jiwe kuu halina nafasi ya pekee. Kinachotakiwa ni mapango na mianya ambamo samaki dhaifu atajificha na jike atatagia mayai. Kwa kuwa samaki hawa huchimba, mawe huwekwa juu ya sakafu ya tangi yenyewe, yakitanguliwa na karatasi nene ya plastiki, na mchanga humwagwa baadaye. Mawe yaliyowekwa juu ya mchanga huweza kuporomoka na kuvunja kioo. *Vallisneria* na *Anubias* huvumilia maji haya.

Kwa mkazi wa pwani mwenye kisima cha maji magumu yasiyo na chumvi, tangi la aina hii hugharimu kidogo na hufaulu kirahisi kuliko iwagumi.

## Hatua za kuanzisha tangi

1. Tangi huwekwa juu ya meza imara na iliyo sawa. Tangi la sentimita 60 × 30 × 36 lina ujazo wa lita 64.8. Maji pekee yana uzito wa karibu kilo 65, na pamoja na kioo, udongo na mawe uzito hukaribia kilo 100.
2. Mawe hupangwa kwanza nje, juu ya meza au ndani ya sanduku la mchanga lenye kipimo cha tangi. Picha hupigwa na kulinganishwa kwa siku kadhaa.
3. Udongo humwagwa na kupandishwa nyuma. Mawe huwekwa, kuanzia jiwe kuu, na kuzikwa sehemu ya chini.
4. Udongo hunyunyiziwa maji hadi uwe chepechepe. Mimea hugawanywa katika vishada vidogo na kupandwa kwa koleo, kila kishada kikiachana na kingine sentimita 2 hadi 3.
5. Maji humiminwa polepole juu ya sahani au mfuko wa plastiki ili yasichimbe udongo.
6. Chujio huwashwa. Taa huwashwa saa 6 kwa siku katika wiki za kwanza, kisha 8.
7. Samaki hungoja wiki 4 hadi 6. Katika muda huo bakteria huzaliana ndani ya chujio, wakigeuza amonia yenye sumu kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huitumia kama mbolea. Samaki huingizwa pale ambapo amonia na nitriti hazipimiki tena.

## Matunzo

Theluthi moja ya maji hubadilishwa kila wiki. Katika mwezi wa kwanza wengi hubadilisha mara mbili au tatu kwa wiki. Zulia la mimea hukatwa kwa mkasi likianza kuwa nene, kwani majani ya chini yakikosa mwanga huoza na zulia lote hung'oka na kuelea. Mwani juu ya mawe huondolewa kwa mswaki. Mwani ukizidi, muda wa taa na chakula cha samaki hupunguzwa kwanza kabla ya kutumia dawa yoyote.

## Sheria na uhifadhi wa mazingira

Matumbawe hai si mawe bali ni makoloni ya wanyama wadogo, na ni makazi na mazalio ya samaki wanaovuliwa pwani. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo kaskazini mwa bandari ya Dar es Salaam, ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na kuvunja matumbawe humo ni kosa kisheria. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu husimamiwa na mkataba wa CITES.

Hatari ya pili ni mimea na samaki wa kigeni wanaotupwa nje. Gugumaji (*Eichhornia crassipes*), mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, lilionekana katika mto Pangani katika miaka ya 1950. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limeenea katika Ziwa Victoria, ambako lilifunga mialo ya wavuvi na njia za boti. Kishada kimoja chenye shina hai hutosha kuanzisha mimea mingi. Kwa hiyo mimea iliyokatwa kutoka kwenye tangi hukaushwa juani hadi ife au hufukiwa mbali na maji. Haitupwi katika mfereji wa mvua, kwa kuwa mifereji mingi ya katikati ya Dar es Salaam huishia katika mto Msimbazi au moja kwa moja baharini.

Madimbwi ya msimu ya pwani yana samaki wao wenyewe wa jenasi ya *Nothobranchius*, kama vile *N. guentheri* wa Unguja na *N. melanospilus* wa pwani ya Tanzania bara. Huishi chini ya mwaka mmoja, na mayai yao hungojea mvua ndani ya tope lililokauka. Samaki wa kigeni aliyeachiwa dimbwini wakati wa masika huweza kuwala kabla hawajataga, na mvua inayofuata haitakuta yai hata moja la kuanguliwa.